Valencia Hailali Mchana

Wanaoijua Hispania kwa televisheni wana picha moja tu: watu wanaamka wamechelewa, adhuhuri wanafunga maduka wakalale, halafu usiku kucha ni ngoma na fataki. Shemeji yangu wa Tanga kila akinipigia huuliza kama na leo ni sikukuu. "Mnakula bata tu huko," husema. Wageni wenzangu hapa Valencia, hasa wanaolipwa mishahara ya Uingereza au Uholanzi wakiwa wamekaa ufukweni, nao husema hayohayo kwa sauti ya kusifu: hapa watu wanajua kuishi, kazi wamewaachia Wajerumani. Sifa hiyo ina dharau ndani yake, na isitoshe si kweli.

Tuanze na hilo duka lililofungwa. Valencia iko karibu kabisa na mstari wa Greenwich, kwa hiyo kwa haki ya jua ingefuata saa za London. Mwaka 1940 serikali ya dikteta Franco ikasogeza saa za nchi mbele zilingane na za Berlin, na hazijarudishwa mpaka leo. Ukijumlisha na saa nyingine inayoongezwa majira ya joto, jua la Julai linafika utosini saa nane mchana. Sisi tuliozoea kuhesabu saa kwa kufuata jua tusingepaswa kushangaa: anayekula saa nane hapa anakula adhuhuri yake. Mwenye duka akishafunga, alasiri anafungua tena, na saa mbili usiku bado yuko nyuma ya kaunta. Mji Mkongwe wa Zanzibar nao una maduka yanayofungwa jua likiwa kali, na sijasikia mtalii akiandika kitabu kuhusu uvivu wa soko la Darajani.

Kwa wapenda tarakimu, takwimu za shirika la OECD zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba mfanyakazi wa Hispania anatumikia saa nyingi zaidi kwa mwaka kuliko wa Ujerumani. Ni kweli Wajerumani wengi huajiriwa kwa sehemu tu ya siku, na hilo linashusha wastani wao. Hata hivyo, mvivu wa hadithi humwoni humo.

Mgeni huamua kwa anachokiona, na saa nne asubuhi anaona mikahawa imejaa. Mezani kuna zeituni, karanga za maganda na mkate mrefu uliojazwa hadi haufungiki. Wangu huwa wa jodari. Wenzangu humalizia kwa kahawa yenye ramu iliyochomwa moto, mimi naagiza kavu. Watu wazima wamekaa na saa ya kazi imefika! Lakini fundi bomba aliye meza ya pili ameanza kazi kabla mgeni hajafungua macho. Mlo huu ni urithi wa vibarua wa mashamba ya mboga na mpunga waliotoka nyumbani gizani, na mafundi wameuendeleza kwa sababu ileile.

Alhamisi saa sita mchana mgeni huyohuyo atasimama kwenye Mlango wa Mitume wa kanisa kuu kutazama Mahakama ya Maji. Wakulima waliochaguliwa na wenzao huketi wamevaa majoho meusi kuamua mashauri ya mifereji ya mto Turia. Mara nyingi hakuna mlalamikaji, na kikao kinafungwa dakika hiyohiyo. Watalii wanacheka. Hawajui kwamba ugomvi mwingi umekwisha kumalizwa kule shambani, kwenye milango ya mifereji.

Basi inakuja Machi, na hapo nakiri kwamba hoja ya shemeji inapata nguvu. Kuanzia tarehe 1 hadi 19 baruti hupigwa kila siku saa nane mchana mbele ya jumba la manispaa mpaka kifua kinatetemeka. Barabara zinafungwa, basi halijulikani litapita wapi, na watoto wanarusha fataki miguuni mwako. Ofisini usitegemee jibu. Hii ndiyo sikukuu ya Fallas. Lakini nani anaifanya? Karibu kamati 400 za mitaa, kila moja na ukumbi wake na michango yake ya mwaka mzima. Usiku wa tarehe 15 kreni zinainua sanamu zilizojengwa kwa miezi mingi katika karakana, nyingi zikiwa mtaa wa Benicalap. Utamkuta msanii juu ya ngazi saa tisa usiku, brashi mdomoni, akiziba mshono kwenye shingo ya mwanasiasa wa povu gumu kabla waamuzi wa mashindano hawajafika. Tarehe 19 usiku kazi yake inachomwa moto.

Machi 2020 sherehe ilipoahirishwa kwa sababu ya korona, sanamu kubwa ya mwanamke mbele ya manispaa ilivalishwa barakoa. Walioumia walikuwa washona magauni, wauza maua, wapiga tarumbeta na mafundi wa baruti. Mafuriko yalipoua watu zaidi ya 220 mkoani, tarehe 29 Oktoba 2024, maelfu walivuka daraja kwa miguu na mafagio na majembe kwenda vitongoji vya kusini, na kumbi za Fallas zikageuka ghala za maji na nguo. Kamati inayochangisha mwaka mzima haihitaji kuundwa upya siku ya maafa: namba za simu za mtaa inazo.

Hadithi hii ya mapumziko ina gharama, na wanaoilipa ni wengine. Mji ukiuzwa kama mahali pa kupumzikia, nyumba za mitaa ya Russafa na Cabanyal hugeuzwa za kulaza watalii na kodi hupanda. Siku chache kabla ya mafuriko hayo maelfu walikuwa wameandamana kudai makazi. Kijana anayekuletea sahani saa tano usiku, huku unamwambia mwenzako kwamba hapa hakuna anayefanya kazi, bado ana viti vya kuingiza ndani, sakafu ya kupiga deki, na basi la usiku hadi kitongoji ambacho kodi yake anaimudu.