Sarafu za kumbukumbu: ipi ni mali, ipi ni chambo cha tapeli?

Una sarafu ya zamani yenye sura ya Mwalimu Nyerere? Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya simu unasema yupo mtu atakayeinunua kwa mamilioni. Wasikilizaji wetu wa Chunya wanauliza: ni kweli?

Sarafu ya kumbukumbu ni nini?

Ni sarafu inayotolewa kuadhimisha tukio, na zipo za aina mbili.

Aina ya kwanza hutumika kununulia vitu kama sarafu nyingine. Mwaka 1971 ilitoka shilingi 5 yenye pembe kumi, kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru. Mwaka 1981 ikatoka shilingi 20 ya miaka 20 ya Uhuru. Majirani nao wamefanya hivyo: Kenya ilitoa shilingi 40 mwaka 2003, Uganda ikatoa shilingi 1,000 mwaka 2012 ilipotimiza miaka 50 ya uhuru.

Aina ya pili hutengenezwa ili itunzwe. Mwaka 2011 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa sarafu ya shilingi 50,000 ya madini ya fedha, kwa ajili ya miaka 50 ya Uhuru. Hiyo huwezi kurudishiwa kama chenji dukani.

Thamani yake inatoka wapi?

Mchimbaji wa Chunya anajua kwamba dhahabu haiuzwi kwa kung'aa kwake. Inapimwa uzito na usafi. Sarafu nayo ina vipimo vyake vitatu.

Kwanza, madini. Ile shilingi 5 ya 1971 na shilingi 20 ya 1981 ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Hazina dhahabu wala fedha ndani yake.

Pili, uchache. Sarafu iliyosambazwa nchi nzima ilitengenezwa kwa wingi, na nyingi bado zimo kwenye makopo na masanduku ya wazee. Umri pekee hauifanyi kuwa adimu.

Tatu, hali. Wakusanyaji hutafuta sarafu ambayo haijachakaa. Usiisugue kwa majivu, mchanga wala stili waya. Itang'aa, lakini mikwaruzo itashusha bei.

Kwa vipimo hivyo, sarafu hizi mbili zikiwa zimetumika kwa kawaida, wakusanyaji wa nje huziuza kwa dola chache tu za Marekani. Hakuna mamilioni hapo.

Mtego uko wapi?

Tapeli haitaki sarafu yako. Anataka utume kwanza "hela ya usajili", "ya cheti" au "ya usafiri wa mnunuzi". Ukituma, atataja gharama nyingine, kisha simu yake haitapatikana tena. Tujiulize: ni mnunuzi gani wa dhahabu anayemwambia mchimbaji atume hela ndipo aje kuiona?

Ufanye nini?

Usitume hela wala namba yako ya siri. Ujumbe wa kitapeli ripoti kwa kuutuma kwenda 15040, bila malipo. Mnunuzi wa kweli ataiangalia sarafu, ataipima, atalipa mkononi.

Na kama ni ya babu, itunze kavu kwenye karatasi safi, uwaeleze watoto iliadhimisha nini. Hiyo ndiyo kazi iliyotengenezewa.