SINDANO HAIULIZI CHEO



Tukitaja hatari za kazi huku bara ya Mombasa, kila mtu hufikiri winchi za Kilindini, malori ya Changamwe na mashine za viwandani. Si kosa kufikiri hivyo. Lakini leo twataka kusema habari ya chumba kidogo, safi, chenye kiti kimoja: chumba cha daktari wa meno. Vyumba hivi viko Likoni, Kisauni na Changamwe, na ndani yake wamo wenzetu: msaidizi wa daktari, mwosha vyombo, mfagiaji na karani wa mlangoni.

Mgonjwa akiisha kuondoka, daktari huvua glovu akanawa mikono. Anayebaki na sindano na vyombo vya damu ni msaidizi na mfagiaji. Hao ndio wachomwao. Na damu ya mtu aonekanaye mzima yaweza kuwa na homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi vya UKIMWI, yapata 3 huambukizwa. Homa ya ini ya aina ya B ni kali zaidi: kwa mtu asiyechanjwa yaweza kufika hata 300 katika 1,000. Na chanjo yake ipo, hudungwa mara 3 kwa muda wa miezi 6. Basi tajiri amwingizaye mtu kazini bila chanjo ana udhuru gani?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikubagua kiwanda na chumba cha meno. Mahali pa kazi ni lazima paandikishwe. Ni lazima tajiri atoe mavazi ya kukinga, awafundishe watu wake, na usalama ukaguliwe kila miezi 12. Mashine ya eksirei nayo yataka leseni ya serikali, kwa sheria ya mwaka 2019.

Lakini kuna pengo. Sheria yasema palipo na wafanyakazi 20 au zaidi iwepo halmashauri ya usalama. Chumba cha meno kina watu 4 au 5. Kwa hiyo matajiri wengine hudhani kuwa, maadamu halmashauri haiwahusu, sheria nzima haiwahusu. Hilo si kweli hata kidogo. Na sisi wa chama tuna kosa letu: tumezoea kwenda penye watu mia, tukawapita hawa watano mlangoni.

Daktari mwenye kiti kimoja atasema kodi ya nyumba ni kubwa na glovu ni ghali. Twamsikia, si kila daktari ni mtu wa mali. Lakini kasha gumu la kutupia sindano ni la bei ndogo, na fidia ni kubwa. Kwa Sheria ya Fidia ya mwaka 2007, mfanyakazi akiumia kazini, gharama ni juu ya tajiri.

Tusisahau Owino Uhuru, Mikindani. Sumu ya risasi ilitoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ikaingia majumbani, mpaka katika damu ya watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, lakini watu walihangaika na kesi mpaka Desemba 2024, Mahakama ya Juu ilipoirudisha fidia yao ya shilingi bilioni 1.3. Sumu ikipata mlango wa kazini hupata na mlango wa nyumbani. Zebaki ya kuzibia meno nayo ni sumu. Mwaka 2022 mataifa ya Mkataba wa Minamata yalikubaliana kuwa zebaki hiyo isitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 15, wala kwa wajawazito na wanyonyeshao, ila daktari akiona haina budi. Basi msaidizi mjamzito aishikaye kila siku, nani amemfikiria?

Ndugu mfanyakazi, shika haya. Usirudishe kifuniko cha sindano kwa mikono miwili. Itupe papo hapo katika kasha. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usiminye jeraha. Nenda hospitali upesi, kwa maana dawa za kuzuia UKIMWI yafaa zianze siku ile ile, na zikipita saa 72 hazifai tena. Saa hazingoji feri. Kisha mwarifu tajiri kwa maandishi, ubaki na nakala. Yeye ana siku 7 za kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa usalama kazini. Usikubali kuambiwa, "Jipake spiriti uendelee na kazi."

Nasi twashauri hivi: wafanyakazi wa vyumba vya meno wa Likoni wachague mjumbe mmoja, wa Kisauni mmoja, wa Changamwe mmoja, waje ofisini kwetu na orodha ya mambo yanayopungua. Watu watano hawasikiki. Vyumba kumi vikisema neno moja, vitasikika.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI