Barua ya Nyumbani: Kumwuliza Rafiki Kitabu

Mwezi huu twataka kujibu barua moja, kwa maana neno lililomo si la nyumba moja tu.

Baba mmoja atuandikia kwamba binti yake wa kwanza amemaliza shule, naye yupo nyumbani. Asoma vizuri, hata majirani humletea barua zao awasomee. Lakini nyumbani hamna vitabu ila Biblia, kitabu cha nyimbo, na vile vya shule ambavyo amekwisha kuvichoka. Baba akaona ya kuwa elimu isiyotumika hupata kutu, kama jembe lililosahauliwa uani. Basi akawaendea rafiki zake watatu, akawauliza, "Kitabu gani ni kizuri?" Wa kwanza akamwandikia majina thelathini, akayatafuta mji mzima asipate hata matatu. Wa pili akamwambia, "Lete kitabu chochote, lakini Rosa Mistika kisiingie nyumbani mwako." Wa tatu akasema kwamba baba mwenye binti asikikose kitabu hicho hicho. Sasa auliza: afuate neno la nani?

Kwanza twamsifu kwa kuuliza. Wako watu wazima, na walimu pia, waonao haya kumwuliza mwenzao kitabu, wakidhani wataonekana hawakusoma. Lakini wahenga walisema kuuliza si ujinga. Vitabu ni vingi kuliko umri wa mtu, wala hapana awezaye kuvijua vyote peke yake.

Lakini swali lake lilikuwa fupi mno. Aendaye kwa fundi cherehani hasemi, "Nishonee nguo," kisha akaondoka. Hupimwa mabega na urefu, huulizwa nguo ni ya kazi au ya sherehe. Vivyo hivyo rafiki hawezi kukuchagulia kitabu asipojua nani atakayekisoma. Mwambie, "Ni msichana aliyemaliza shule, apenda habari za watu walioishi kweli, hapendi hadithi za majini." Hapo rafiki ataacha kuhesabu majina, ataanza kufikiri.

Tena, usiulize kitabu gani ni kizuri. Ukiuliza hivyo, mtu atakutajia kitabu chenye sifa, hata kama yeye mwenyewe hakukifungua. Uliza hivi: "Kitabu gani ulikisoma mpaka mwisho, ukasikitika kwamba kimekwisha? Kitabu gani ulikisoma mara mbili?" Jibu la swali hili huwa fupi, nalo huwa la kweli. Majina matatu yatokayo moyoni yashinda thelathini yatokayo kwenye orodha ya duka.

Tena, waulize watu wa namna mbalimbali. Ukiwauliza walimu peke yao, utapata vitabu vya mtihani. Mwulize muuguzi, mwulize fundi, mwulize mzee aliyestaafu, wala usimsahau kijana mwenyewe. Mtu mpenda mafumbo atakutajia Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla, kilichotolewa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa hufumbua kisa cha mauaji kwa akili tulivu. Apendaye kujua desturi za kijiji cha Unguja atakutajia Kurwa na Doto cha Muhammad Saleh Farsy, cha mwaka huo huo wa 1960. Apendaye kutafakari haki na utawala atakupa Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951, nchi iliyo angani, ambamo mshitakiwa ajitetea mbele ya wakubwa wasiopenda kusikia habari za nchi nyingine. Na mama apendaye nyimbo atakumbuka kwamba Shaaban Robert huyo huyo aliandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, ambaye mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Tazameni, watu wanne wametupa vitabu vinne visivyofanana, na nyumba moja yaweza kuvitumia vyote.

Sasa turudi kwa rafiki wawili waliopingana. Wakipingana, usimchague yule unayempenda zaidi. Mwulize kila mmoja neno moja: "Je, wewe umekisoma?" Baba yetu alipouliza hivyo, yule aliyekikataza akajibu kwamba hajakisoma, ila amesikia habari zake. Yule aliyekisifu alikisoma, naye ana mabinti.

Hata hivyo, yule wa kwanza hakusema uongo. Rosa Mistika kiliandikwa na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kikatolewa mwaka 1971. Kwa muda kilikatazwa shuleni, na baadaye kikaruhusiwa, hata kikawa miongoni mwa vitabu vya kufundishia. Chasimulia habari za msichana aliyelelewa na baba mlevi na mkali, aliyempiga kwa ajili ya barua ya mvulana. Msichana alipotoka nyumbani akaenda shule ya mbali, hakuwa amefundishwa kuutumia uhuru wake; alikuwa amefundishwa kuogopa tu. Mwisho wake ni wa huzuni kubwa. Si kitabu cha kuachwa mezani mtoto akiokote. Lakini ni kitabu cha baba na mama kukisoma kwanza, usiku, watoto wakiisha kulala, kisha wajiulize kama katika malezi yao fimbo imesema kuliko mdomo.

Basi jibu letu kwa baba huyu ni hili: rafiki zako wote wawili walikuwa na sehemu ya kweli, ila hukuwauliza kitabu ni cha nani. Kisome wewe kwanza. Baada ya hapo utajua mwenyewe kama binti yako atakisoma mwaka huu au mwaka ujao. Na siku atakapokisoma, keti naye mkizungumze. Huenda mazungumzo hayo yakawafaa ninyi wawili kuliko kitabu chenyewe.

Mfano mwingine wa kupingana ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934. Chaeleza jinsi watu walivyokamatwa utumwani, wakaokolewa baharini, wakakaa Freretown karibu na Mombasa. Naye mwandishi alikuwa mwana wa jamaa hiyo. Wako wakisomao kwa machozi. Wako pia wataalamu wa historia wasemao kwamba kimewasifu mno Waingereza. Hili si sababu ya kukitupa. Andika katika orodha yako maneno ya pande zote mbili, ili atakayekisoma asome macho yakiwa wazi.

Iko faida nyingine ya kuulizana, nayo ni kwamba kitabu kisichosemwa hufa. Katika kisiwa kile kile cha Ukerewe alikuwako mzee Aniceti Kitereza, aliyesoma katika shule za mapadre. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliopendana lakini wakakawia kupata mtoto, na ndani yake akaweka kilimo, uvuvi, uganga na adabu za wazee wake. Hakupata wa kuipiga chapa. Mwisho akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwaka 1980, baada ya miaka 35. Naye akafariki mwaka 1981. Kazi iliyongoja muda wote huo yastahili kutajwa na mtu mmoja kwa mwenzake. Ninyi mlio na wazee nyumbani, kiandikeni hicho katika orodha yenu. Ni kinene, lakini chasomeka kidogo kidogo jioni, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza.

Namna ya kuiweka orodha ni rahisi. Twaa daftari, upige mistari. Andika jina la kitabu, jina la mwandishi, jina la rafiki aliyekutajia, na sababu aliyoitoa. Kisha andika nani atakayekisoma katika nyumba yako, na mwisho kinapatikana wapi. Fungu hili la mwisho lisiachwe tupu, kwa maana kitabu kisicho na mahali ni jina tu. Huenda kiko katika maktaba ya mkoa, au kwa mwalimu, au sandukuni mwa rafiki mwenyewe. Ukiazima, kifunike kwa karatasi, usikunje kurasa, nawe urudishe siku uliyoahidi. Anayerudisha kwa wakati huazimwa tena.

Wala usinyamaze ukiisha kusoma. Mrudie rafiki umwambie kilivyokuwa, hata kama hakikukupendeza. Ukimwambia, "Ndugu yangu, kile kilinichosha, bali sura ya mwisho ilinigusa," atakufahamu zaidi, na kitabu atakachokutajia mara ya pili kitakufaa kuliko cha kwanza. Haba na haba hujaza kibaba: kitabu kimoja kila mwezi ni vitabu kumi na viwili kwa mwaka, na nyumba nyingi hazijavipata.

Sasa nasi twawauliza ninyi. Kila nyumba ituandikie kitabu kimoja tu, kilichosomwa mpaka mwisho, na sababu yake kwa mistari mitatu. Walimu wawaulize wanafunzi wao vivyo hivyo. Tutayakusanya majibu tuyatie katika ukurasa huu, ili binti wa baba yule, na wengine walio kama yeye, wapate pa kuanzia.

Kwaherini mpaka mwezi ujao.