Sululu Si Chuma Peke Yake

Muulize kijana yeyote wa Kariakoo sululu ni nini, naye atakuonyesha duka la vifaa vya ujenzi. Hajakosea. Lakini neno hilo lina maana ya pili, nayo ina miguu na mabawa. Si mbali na soko, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini karibu na Daraja la Salenda, maji yakipwa utamwona: ndege wa rangi ya udongo, mdomo mrefu uliopinda kama chombo kile, akichokoa matope kutafuta kaa.

Miaka ya kufundisha Kiswahili imenionyesha kwamba neno hufa kwanza kwa ile maana isiyouzwa dukani.

Washairi wetu wa mapenzi wamemtwika njiwa barua vizazi na vizazi. Sina ugomvi na njiwa. Nasema tu kwamba sululu naye anastahili beti, mradi tumjue. Huku kwetu, tangu Septemba hivi hadi Aprili, yeye ni mgeni. Hachumbii wala hatagi. Mlio tunaousikia ni mbinja fupi fupi za haraka. Wimbo wa mapenzi ameuacha kaskazini ya mbali, kwenye tundra, zile nyanda za baridi zisizo na miti, kama za kaskazini mwa Urusi. Huko dume hupaa, huzunguka, kisha huteleza hewani akitoa sauti ndefu inayotetemeka. Jike akiridhia, kiota chao ni kishimo tu ardhini, chenye nyasi kidogo. Mayai kwa kawaida ni 4. Wazazi wote wawili huatamia kwa takriban wiki 4, na adui akisogea humvamia bila kujali ukubwa wake.

Basi atakayetunga kwamba sululu anamwimbia mpenziwe ufukoni Dar es Salaam atakuwa ametunga uongo mtamu. Ukweli ni mtamu zaidi: mpenzi anayeuhifadhi wimbo wake ugenini, akila ili apate nguvu za kusafiri maelfu ya kilomita kwenda kuuimba. Wangapi waliotoka bara kutafuta riziki Kariakoo wanaishi hivyo hivyo?

Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi Salenda maji yakipwa. Taka za jiji hushuka na Msimbazi hadi kwenye matope yale yale. Tukiyaharibu, kamusi itabaki na neno, na neno litabaki na chuma.