Mkaka wa Gemu la Nyota, Lile Neno Ulilomwita Dada wa Bwejuu Lifute

Wadau, leo sina umbea wa harusi wala wa msanii aliyerudiana na mpenzi wake wa zamani. Leo nina la gemu, na msinikimbie, maana ndani yake kuna mtu kaitwa mwizi mbele za watu na mpaka naandika hapa hajasafishwa.

Kuna mkaka wa Mjini, jina simtaji, wanaomjua wanamjua. Anatengeneza gemu la mkakati la anga za juu. Unapewa sayari moja, unachimba chuma, unajenga meli, unazituma nyota za mbali, na ukijaaliwa unamnyang'anya jirani yako makoloni. Halijaisha bado, liko kwenye majaribio. Tunaolijaribu tuko grupu moja la WhatsApp, yeye ndiye admin. Na niseme kweli, gemu tamu. Wakenya walishatoa Nairobi X, viumbe wa anga za mbali wanaivamia Nairobi, na mie nilikuwa naisubiri siku Mzanzibari naye atupeleke huko juu. Kwa hiyo haya siyasemi kwa husda.

Gemu ambalo halijaisha linakaa sawa pale wachezaji wanaposema kasoro zake. Kerbal Space Program, lile la kuunda roketi, lilianza kutolewa kwa watu mwaka 2011 likiwa nusunusu, toleo kamili likaja Aprili 2015. Karibu miaka minne watu wanacheza kitu kibovu kwa hiari yao na kueleza roketi zao zimeanguka vipi.

Grupuni kwetu je? "Bro linaganda." "Halifunguki." "Fanya kitu basi." Ukiuliza simu gani, kimya. Toleo lipi, kimya. Ulikuwa unafanya nini lilipoganda, unajibiwa kwa kikatuni cha kucheka. Hapo hata fundi wa redio angekurudishia redio yako.

Mmoja tu ndiye alikuwa anaripoti kama mtu mwenye akili zake. Dada mmoja wa Bwejuu, anakaa mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni huko pwani, zamu ya usiku. Wageni wakilala yeye anacheza. Akiona kitu hakiko sawa anaandika: simu yake aina gani, toleo la ngapi, alibonyeza nini kwanza, nini kikafuata, alijaribu mara ngapi na mara ngapi kikajirudia. Anazima data anajaribu tena, anawasha anajaribu tena. Halipwi hata bando.

Basi simu yake ikaanguka, kioo kikaenda. Akahamishia akaunti yake kwenye simu ya mama yake. Usiku ule ule akaandika grupuni kwamba ameona kitu cha ajabu: meli zake zilizokwisha kufika mchana zinaonekana bado ziko safarini, na zilipofika kwa mara ya pili, chuma kikaingia tena. Yaani amelipwa mara mbili. Akaweka na skrinshoti. Akaomba liangaliwe.

Angalieni hapo. Amekuja mwenyewe kusema "nimezidishiwa".

Mkaka akajibu kwa maneno manne: "Umechezea saa. Huo wizi." Akaifunga akaunti yake, akamtoa grupuni. Na grupu zima, na mie nimo, tukacheka. Kuna aliyetengeneza hadi stika.

Sasa kilichotokea ni hiki, na yeyote aliyelelewa na bibi shamba angekijua kwa kuiangalia ile skrinshoti vizuri. Simu ya mama yake imewekwa saa za Kiswahili. Mama ni mtu wa mwani, bahari ikikupwa anashuka, na anataka ikiwa saa mbili simu imwandikie 2, si 8. Kwa hiyo saa ya simu ile iko nyuma kwa masaa sita siku zote. Gemu lenyewe lilikuwa linahesabu safari za meli kwa kuitazama saa ya simu. Akaunti ilipohamia kwenye simu ya mama, gemu likaona muda umerudi nyuma masaa sita, likazirudisha meli njiani. Hakuna aliyeiba. Mtengenezaji ameamini saa ambayo mtu yeyote anaweza kuigeuza kwa kidole, wakati seva yake ina saa yake, na hata simu yenyewe ina hesabu nyengine ya ndani, inayohesabu tangu ilipowashwa na isiyojali mtu kabadilisha saa au vipi.

Na hii si kasoro ndogo. Kutoka Makunduchi mpaka Nungwi, mama na bibi wangapi simu zao ziko hivyo? Mjaribuji wa Ulaya asingeiona hata acheze miaka kumi. Imeonekana Bwejuu, na aliyeiona katolewa mlangoni.

Wiki iliyofuata ikaja apdeti. Kwenye maelezo imeandikwa mstari mmoja: tatizo la saa limerekebishwa. Basi. Hakuna jina, hakuna asante. Akaunti yake imefungwa mpaka leo, na neno "wizi" liko pale pale grupuni, ukipandisha juu unalikuta.

Nilipomuuliza mshkaji mmoja wa grupu kaniambia, "Gemu tu hilo, usikuze mambo." Mie naona kinyume chake. Yule dada kazi yake ni kushika pesa za wageni na funguo za vyumba. Skrinshoti za grupu hazikai grupuni, zimeshafika kwa wenzake wa kazini, wanamtania "mwizi wa nyota" mbele ya bosi. Bwejuu si Dar. Neno likitoka upande mmoja wa kijiji, kabla ya magharibi liko upande wa pili, na likifika huko mambo ya nyota yameshadondoka njiani, limebaki wizi peke yake.

Barazani kwenye bao mtu akidai umeiba kete, hatupigani wala hatumfukuzi mtu. Kete zinarudishwa, mtaji unachezwa upya kila mtu anatazama. Mkaka, wewe ulikuwa na rekodi zote kwenye seva na skrinshoti mkononi, na hukuangalia. Sikatai kwamba wezi wa saa wapo, wapo kweli, na kila siku unatukanwa na watu ambao hata toleo wanalocheza hawalijui. Umechoka, naelewa. Lakini aliyekusaidia ndiye uliyemchapa, na waliokutukana bado uko nao.

Mrudishe grupuni. Andika kwa mkono wako kwamba hakuiba, pale pale ulipoandika kwamba kaiba, ili watu wale wale wasome. Mfungulie akaunti na umrudishie sayari zake.

Nami nimemwomba radhi kwa ile stika niliyoisambaza. Kanijibu yuko zamu, simu ya mama, saa ya simu inaonesha mbili na wageni wanaomba chai. Namba yake unayo, mkaka.