Nani aliyemwalika panya?



Jirani yangu mmoja alinilalamikia hivi: «Mwalimu, nimefuga paka, nimetega mitego, lakini panya hawaishi nyumbani mwangu.» Nikamwomba anionyeshe nyumba yake. Chini ya kitanda palikuwa na gunia la mahindi lililo wazi, na kando yake mkeka wa watoto. Jikoni vyungu vya jana vilikuwa na ukoko wa ugali. Nikamwambia: «Ndugu yangu, mtego wako waua mmoja, na gunia lako laita kumi.»

Panya hutafuta mambo matatu: chakula, maji na maficho. Akiyakosa, huenda zake. Akiyapata, huzaa upesi, maana panya mdogo wa nyumbani huchukua mimba kwa muda wa majuma 3 tu.

Wako wasemao kwamba hasara ya panya ni nafaka tu. Sivyo. Katika Ituri ugonjwa wa tauni haujakoma hata leo. Mwaka 1898 daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha kwamba viroboto ndio wauchukuao kutoka kwa panya. Panya mgonjwa akifa, viroboto huuacha mwili uliopoa na kumtafuta aliye karibu. Naye ni nani, kama si mtoto alalaye chini kando ya gunia?

Basi tufanye haya:

Kwanza, nafaka isikae chumbani mwa kulala. Iwekwe katika ghala lililoinuliwa juu ya nguzo, kadiri ya mita 1, na kila nguzo ivikwe kofia ya bati ili panya asipande. Akiba ya jikoni itiwe katika debe au mtungi wenye kifuniko.

Pili, vyombo vioshwe jioni, maji yafunikwe, takataka zitupwe shimoni mbali na nyumba, nyasi za uani zikatwe.

Tatu, mashimo yazibwe. Tundu la unene wa kalamu ya risasi latosha kumpitisha panya mdogo. Udongo peke yake huufukua. Shindilieni kwanza mawe madogo au vipande vya bati. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tena, mkiona panya wengi wanakufa pasipo sababu, msiwaguse kwa mikono wala msiwale. Pelekeni habari kituo cha afya kabla ya kuwaua waliobaki, kwa kuwa yapasa viroboto wafe kwanza, kisha panya. Mtu mwenye homa kali na uvimbe wa kinena au kwapa apelekwe siku ileile. Dawa iko, nayo huponya ikiwahiwa.

Enyi akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Mungu ametupa mahindi kwa ajili ya watoto. Tusiwalaze watoto kwa ajili ya mahindi. Jirani yangu alilihamisha gunia lake jioni ileile. Na lako liko wapi?