Nani Mwafrika?

Morocco ilipoifunga Ureno 1-0 kule Qatar, Desemba 10, 2022, na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, vijiwe vyetu viligawanyika. Wengine walishangilia kana kwamba Simba na Yanga zimeungana. Wengine wakabeza: "Hao Waarabu, bwana. Afrika gani hiyo?" Lakini aliyefunga kwa kichwa, Youssef En-Nesyri, amezaliwa Fez, hukohuko Morocco, ndani ya bara hili.

Kichekesho ni kwamba jina lenyewe limetoka huko kaskazini. Warumi walipoiangamiza Carthage mwaka 146 kabla ya Kristo, jimbo walilolianzisha hapo, katika Tunisia ya leo, ndilo waliloliita Africa. Waarabu nao wakaliita Ifriqiya. Yaani waliolibeba jina hili mwanzo ndio tunaowanyima leo.

Kwetu lilifika likiwa daraja la watu. Tanganyika ya Mwingereza ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na mishahara nayo ilipangwa vivyo hivyo. Karani hakuhitaji kufafanuliwa maana ya Uafrika. Aliiona kila mwisho wa mwezi. Ndiyo maana African Association ya mwaka 1929, kisha TANU ya 1954, zililigeuza jina hilo kuwa bendera. Sioni kosa hapo. Aliyebaguliwa kwa jina ana haki ya kujikusanya kwa jina hilohilo.

Tatizo ni kwamba mkoloni aliondoka, kipimo chake kikabaki. Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi. Nyerere akakataa katakata, na sheria ikapita bila ubaguzi huo. Hata hivyo chama chake mwenyewe, TANU, kilisubiri hadi 1963 kuwafungulia mlango wasio weusi. Mtaani bado tunasubiri: Mtanzania wa asili ya Kihindi, babu yake kazaliwa Moshi, huulizwa "kwenu hasa wapi?" Na swali hilo si la utani tu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 wawe wameondoka nchini.

Mimi nasema jina la bara ni la ardhi, na mwenye ardhi kwao ni wa jina hilo. Kenya ilijaribu njia nyingine mwaka 2017, ikawatangaza raia wake wa asili ya Kihindi kuwa kabila la 44. Walipokewa kwa shangwe, nami nafurahi kwa ajili yao, ila bado najiuliza kwa nini mtu aliyezaliwa Kisumu afanywe kabila kwanza ndipo aonekane ni wa hapo.